Je, Wajua? Kiti cha Liwali, Kutoka Lac Vert hadi Karnataka

Lac Vert ni ziwa dogo la maji ya kijani lililotuama ndani ya kreta ya volkano ya kale, karibu na Ziwa Kivu, magharibi mwa Goma. Ni jina la mtaa pia. Mji wa Goma una komini 2 na mitaa 18. Komini ya Karisimbi ina mitaa 11, komini ya Goma ina 7, na Lac Vert ni mmoja wa hiyo 7, pamoja na Keshero, Himbi, Katindo, Mapendo, Mikeno na Les Volcans. Barabara ya kwenda mji wa Sake hupita upande huo. Waliokimbia vita kutoka eneo la Masisi wameingia mjini kwa njia hiyo, na askari waliokwenda kupigana Masisi wametoka mjini kwa njia hiyo hiyo.

Habari za siasa za jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kawaida huandikwa kutoka katikati ya mji, kwenye ofisi ya liwali, yaani mkuu wa jimbo. Naona afadhali kuziangalia kutoka huku pembezoni, kwa sababu huku ndiko maamuzi yake yanakotua: wahami, yaani waliokimbia vita, wapewe kiwanja gani, watu wahame lini volkano ikilipuka, nani atasikilizwa akilalamikia maji, barabara au risasi za usiku. Na kwa kuwa siasa za majimbo zina kanuni zinazofanana hata kwenye nchi zilizo mbali sana, njiani tutapita India, ambako mwanasiasa mmoja wa jimbo aliyefukuzwa kazi alikataa kunyamaza.

Je, wajua kwamba mkazi wa Lac Vert hampigii liwali wake kura?

Anapiga kura kuchagua wabunge wa jimbo. Hao wabunge ndio wanaomchagua liwali na naibu wake, kisha rais wa jamhuri anawaidhinisha kwa amri. Ndivyo isemavyo ibara ya 198 ya katiba ya mwaka 2006: muhula wa miaka 5, unaoweza kurudiwa mara moja tu. Liwali anaweza kuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge hao au kutoka nje yao. Serikali yake haiwezi kuwa na mawaziri zaidi ya 10. Ndani ya bunge la jimbo kuna pia viti vya machifu wa kimila, wasiozidi sehemu moja ya kumi ya wabunge wote.

Utaratibu huu una hatari moja iliyo wazi. Wapiga kura halisi wa liwali ni watu kadhaa wanaotosha kukaa katika ukumbi mmoja, na watu kadhaa ni rahisi kuwarubuni kuliko mji mzima. Hata hivyo una faida ambayo watu wa Kivu Kaskazini wameithamini zaidi baada ya kuipoteza: mbunge wa jimbo ni mtu wa hapa. Anajulikana anakoishi. Unaweza kumwendea na malalamiko, naye anaweza kumwita liwali mbele ya wenzake na kumtaka ajibu.

Je, wajua kwamba Kivu Kaskazini ni jimbo lililozaliwa mara mbili?

Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, mwaka 1962, majimbo 6 makubwa ya wakati wa Wabelgiji yalipokatwakatwa kuwa vijimbo 21. Mobutu aliposhika nchi akavirudisha pamoja, na mwaka 1966 Kivu Kaskazini ikamezwa tena na Kivu kubwa yenye makao makuu Bukavu. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa upya kuwa majimbo 3: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na Goma ikawa mji mkuu wa jimbo. Ndiyo sababu mwaka 2015, nchi ilipofikisha majimbo 26, Kivu Kaskazini haikuguswa. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanyika. Jimbo lina maeneo 6, yaani Beni, Lubero, Rutshuru, Masisi, Walikale na Nyiragongo, na eneo lake ni karibu kilomita za mraba 60,000, zaidi ya mara mbili ya Rwanda.

Liwali aliyekaa Goma, basi, alitawala Beni na Butembo pia, na watu wa kaskazini wana historia yao, biashara yao na machungu yao. Kila anayetaka kiti hiki lazima ajue kuzungumza na Grand Nord, upande wa Beni na Butembo, na Petit Nord, upande wa Goma, kwa pamoja. Wengi hawakuweza.

Je, wajua kwamba kuna liwali aliyechaguliwa kwa miaka 5 akakaa 12?

Ni Julien Paluku Kahongya. Alichaguliwa na bunge la jimbo mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya uchaguzi wa wabunge wa majimbo wa tarehe 29 Oktoba 2006, akiwa na Feller Lutaichirwa kama naibu. Alichukua kiti kutoka kwa Eugène Serufuli, ambaye alikuwa amekikalia tangu mwaka 2000. Serufuli hakuwekwa na kura yoyote. Aliwekwa na waasi wa RCD-Goma waliokuwa wakitawala mashariki, akabaki wakati wa serikali ya mpito, na ni katika miaka yake, tarehe 17 Januari 2002, ambapo lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya njia ya ndege.

Muhula wa Paluku ulipaswa kuisha mwaka 2012 hivi. Lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika mwaka huo, wala uliofuata, wala mwingine wowote hadi tarehe 30 Desemba 2018. Wabunge wale wale waliochaguliwa mwaka 2006 waliendelea kukaa, na liwali wao akaendelea kukaa. Mtoto aliyezaliwa Lac Vert mwaka Paluku alipoingia alikuwa amemaliza shule ya msingi alipotoka, mwaka 2019.

Ulinganishe na India. Katika jimbo dogo la Sikkim, milimani, Pawan Kumar Chamling alikuwa waziri kiongozi tangu Desemba 1994 hadi Mei 2019, miaka zaidi ya 24. (Huko India gavana wa jimbo huteuliwa na serikali kuu, na mwenye madaraka halisi ni waziri kiongozi, cheo ambacho Zanzibar nayo ilikuwa nacho hadi mwaka 2010.) Chamling alikaa mara mbili ya Paluku, na wote wawili waliondoka mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Chamling alirudi kwa wapiga kura mara 4, wakamrudisha mara zote 4, na mara ya 5 wakamkatalia. Paluku hakupewa nafasi hiyo, wala watu wake hawakupewa. Huenda wangemrudisha. Wapo wanaomkumbuka kwa barabara za lami zilizotengenezwa mjini baada ya miaka mingi ya mawe na vumbi, na wapo wanaomlaumu kwa mengi. Hukumu hiyo ilikuwa haki ya sanduku la kura, na sanduku halikuletwa.

Baada ya Goma, Paluku alikwenda Kinshasa: waziri wa viwanda tangu mwaka 2019, kisha waziri wa biashara ya nje tangu 2024. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya wanasiasa wa majimbo nchini, na Serufuli naye aliipita. Kiti cha Goma ni ngazi ya kupandia kwenda kiti cha Kinshasa.

Je, wajua kwamba watu wa Beni waliwahi kujiandalia uchaguzi wao wenyewe?

Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeingia upande wa Beni, ukianzia Mangina mwezi Agosti. Ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura kwanza, kwa sababu ya Ebola na usalama. Kura zao zingesubiri hadi Machi 2019, yaani baada ya rais mpya kuapishwa.

Tarehe 30 Desemba, nchi nzima ilipokuwa ikipiga kura, wakazi wa Beni walijipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura kwenye makaratasi waliyoyaandaa wenyewe. Walijua tume haitazihesabu kura hizo. Walitaka ionekane kwamba mistari inawezekana, na kwamba anayenawa mikono kabla ya kwenda sokoni anaweza kunawa kabla ya kupiga kura. Katika habari zote za siasa za jimbo hili, sijui kitendo chenye heshima kuliko hicho.

Wabunge wa jimbo walipokamilika, walimchagua Carly Nzanzu Kasivita kuwa liwali, mwaka huo wa 2019. Ndiye liwali wa mwisho aliyechaguliwa hadi leo.

Je, wajua kwamba makao makuu ya jimbo yamewahi kuhamia Beni zaidi ya mara moja?

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma. Liwali Paluku na serikali yake wakahamia Beni, kilomita mamia kaskazini, wakaongoza jimbo kutoka huko hadi waasi walipotoka mjini tarehe 1 Desemba. Siku 11 tu. Mwaka 2025 M23 walipoingia tena, tarehe 27 Januari, mambo hayakwisha kwa siku 11.

Je, wajua kilichotokea siku chache baada ya wanajeshi kukabidhiwa jimbo?

Tarehe 30 Aprili 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza utawala wa dharura wa kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri. Ulianza kutumika tarehe 6 Mei. Luteni Jenerali Constant Ndima akachukua kiti cha liwali, na afisa wa polisi akawa naibu wake. Bunge la jimbo likasimamishwa. Polisi wakakaa kwenye kiti cha meya wa Goma. Kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Sababu iliyotolewa ilikuwa mauaji yasiyokoma, hasa upande wa Beni, na watu wengi, tuseme kweli, walipokea habari hiyo kwa matumaini. Waliokuwa wakizika ndugu zao kila wiki walikuwa tayari kujaribu lolote.

Kisha tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ikalipuka bila onyo. Lava ikashuka ikafika kwenye mipaka ya mji. Siku 5 baadaye, alfajiri ya tarehe 27, Jenerali Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamishwe mara moja, kwa hofu ya magma iliyokuwa ikipita chini ya ardhi ya mji na chini ya ziwa. Lac Vert haikuwa kwenye orodha hiyo. Lakini njia iliyoelekezwa ilikuwa ya Sake, na kwa hiyo watu mamia ya maelfu walipita pembeni yake kwa miguu, kwa pikipiki, kwa chukudu, zile skuta za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro na mabidoni ya maji.

Uamuzi wa kuhamisha watu ulikuwa wa haki. Wataalamu waliona dalili, na katika jambo la volkano mtu huomba radhi kwa kuwasumbua watu bure, haombi radhi kwa kuwazika. Ila kulikuwa na pengo katika siku hizo ambalo halikuonekana kwa wengi. Mbunge wa jimbo kutoka Goma, ambaye siku za kawaida angeuliza kwa sauti watu watalala wapi Sake na watakunywa nini, hakuwa na bunge la kuulizia.

Je, wajua kwamba hewa ya Lac Vert inaweza kuua?

Upande huu wa mji una mazuku: mabonde na mashimo madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haionekani, haina harufu. Mbuzi akiingia humo hatoki, na mtoto anayemfuata mbuzi yuko katika hatari ile ile kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Wataalamu wa volkano wa nchi mbalimbali wamelichukua neno mazuku na kuliandika hivyo hivyo katika tafiti zao.

Na ni katika ukanda huu, Mugunga, Lac Vert na Bulengo, ambako wahami wamewekwa mara kwa mara. Kwa nini? Kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache za mwezi Julai, kambi ya Mugunga ikawa mojawapo ya kubwa kabisa duniani, na Lac Vert ikawa kambi ya wakuu wa jeshi lililoshindwa la Rwanda. Inakadiriwa kwamba watu 50,000 hivi walikufa katika mwezi wa kwanza kuzunguka Goma, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mawe ya lava ni magumu kiasi kwamba hata kuchimba makaburi ilikuwa shida. Kambi zilivunjwa kwa vita mwezi Novemba 1996.

Kizazi kimoja baadaye, M23 waliporudi kupigana, mahema yakarudi pale pale, safari hii yakiwa na Wakongo wa Masisi na Rutshuru. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua wahami, wengi wao watoto. Februari 2025, wiki chache baada ya M23 kuuchukua mji, kambi za upande huu zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, wengine kwenye nyumba ambazo hazikuwepo tena. Katika yote hayo, kwa miaka 30, sijaona mahali ambapo wakazi wa mtaa au wahami wenyewe waliulizwa kupitia mtu waliyemchagua.

Je, wajua habari za Bommai?

Sasa twende India kusini, kwa yule mwanasiasa aliyefukuzwa kazi. Somappa Rayappa Bommai alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Karadagi, upande wa Dharwad, katika jimbo ambalo leo huitwa Karnataka. Alikuwa mwanasheria. Alichaguliwa mara kadhaa katika bunge la jimbo kutoka Hubli vijijini, mtu wa siasa za jimbo lake hasa. Tarehe 13 Agosti 1988, waziri kiongozi Ramakrishna Hegde alipojiuzulu kwa tuhuma za kusikiliza simu za watu, Bommai akapanda kwenye kiti chake.

Hakukaa muda mrefu. Aprili 1989 mbunge mmoja wa chama chake alimpelekea gavana barua za wabunge 19 zilizosema wamejiondoa upande wa serikali. Siku iliyofuata au mbili baadaye, wabunge 7 kati ya hao 19 walisema saini zao zilipatikana kwa kudanganywa. Bommai akamwambia gavana, P. Venkatasubbaiah, jambo rahisi: niite bungeni, wabunge wahesabiwe, tuone nina wangapi. Gavana alikataa. Aliandika kwa Delhi kwamba serikali imepoteza wingi wake, na tarehe 21 Aprili serikali kuu ikamwondoa Bommai na kulichukua jimbo moja kwa moja, kwa ibara ya 356 ya katiba ya India.

Ibara hiyo inaruhusu serikali kuu kutawala jimbo pale serikali ya jimbo inaposhindwa kufanya kazi kikatiba. Ilikuwa imekwisha kutumiwa makumi ya mara, na mara nyingi sababu halisi ilikuwa kwamba jimbo linashikiliwa na chama ambacho Delhi haikipendi. Wanasiasa wengi waliofanyiwa hivyo walilalamika magazetini, wakasubiri uchaguzi ujao. Bommai alikwenda mahakamani. Mahakama kuu ya Karnataka ikamkatalia. Akapanda hadi mahakama ya juu ya India.

Hukumu ilitoka tarehe 11 Machi 1994, na majaji 9. Kufikia hapo uchaguzi mwingine ulikuwa umepita, chama kingine kinatawala Karnataka, na Bommai asingeweza kurudishiwa kiti. Lakini mahakama ilisema mambo ambayo yamedumu. Wingi wa serikali hupimwa ndani ya bunge, kwa kuhesabu wabunge, wala haupimwi chumbani kwa gavana. Uamuzi wa kuchukua jimbo unaweza kuchunguzwa na majaji. Bunge la jimbo lisivunjwe kabla mabunge mawili ya taifa hayajaridhia. Na uamuzi huo ukigundulika haukuwa halali, serikali iliyoondolewa inaweza kurudishwa. Mahakama haikufumba macho pia: katika kesi hiyo hiyo ilikubali kwamba serikali za Madhya Pradesh, Rajasthan na Himachal Pradesh ziliondolewa kwa haki baada ya msikiti wa Babri kubomolewa mwaka 1992.

Hukumu hiyo imefanya kazi. Machi 2016 Delhi ilipomwondoa Harish Rawat, waziri kiongozi wa Uttarakhand, mahakama iliamuru wabunge wahesabiwe. Walihesabiwa tarehe 10 Mei, akashinda, akarudi ofisini.

Bommai mwenyewe aliendelea. Alikuwa waziri wa maendeleo ya rasilimali watu katika serikali ya taifa kuanzia 1996 hadi 1998, akafariki Oktoba 2007. Wanafunzi wa sheria wa India wanalisoma jina lake kabla hawajajua alikuwa wa chama gani.

Je, wajua tofauti kubwa kati ya ibara ya 356 ya India na utawala wa dharura wa Kongo?

Iko kwenye saa. India, utawala wa Delhi juu ya jimbo lazima uidhinishwe na bunge la taifa ndani ya miezi 2, kisha hurefushwa kwa miezi 6 kila mara, na kwa kawaida hauwezi kupita miaka 3. Kongo, amri ya rais hudumu siku 30, kisha bunge la taifa huirefusha kwa siku 15, na siku 15, na siku 15. Muda wa siku 15 unaonekana mkali kuliko miezi 6. Lakini hakuna mwisho uliowekwa, na kilichokusudiwa kuwafanya wabunge wafikiri upya kila nusu mwezi kikageuka mazoea. Agosti 2023, kwenye meza ya mduara iliyoitishwa Kinshasa kujadili jambo hili, wajumbe wengi kutoka jimboni waliomba utawala huo uondolewe. Oktoba rais alitangaza kuulegeza hatua kwa hatua. Jeshi likabaki kwenye kiti cha liwali.

Tofauti ya pili ni kwamba India hulikabidhi jimbo kwa raia, gavana na washauri wake. Kongo ililikabidhi kwa majenerali. Sina shaka kwamba kuna jenerali mwenye nia njema. Lakini jenerali hujibu kwa aliye juu yake, wala hana mtu wa Lac Vert wa kumwogopa siku ya kura.

Tarehe 30 Agosti 2023 askari waliwafyatulia risasi watu wa kundi moja la dini mjini Goma waliojiandaa kuandamana dhidi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Waliokufa walizidi 50. Ndima aliitwa Kinshasa, na Meja Jenerali Peter Cirimwami akashika nafasi yake.

Je, wajua kwamba liwali wa Kivu Kaskazini ameuawa vitani?

Cirimwami alipigwa risasi tarehe 23 Januari 2025 huko Kasengezi, upande wa Sake, alipokwenda mstari wa mbele. Alikufa kwa majeraha hayo. Siku 4 baadaye mji ulianguka. Tarehe 28 Januari rais alimteua Meja Jenerali Évariste Somo Kakule, ambaye makao yake yakawa Beni. Tarehe 5 Februari M23 na muungano wao wa AFC wakamtaja Joseph Bahati Musanga kuwa liwali wao mjini Goma. Tangu hapo jimbo moja lina maliwali 2, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa.

Je, wajua kwamba jenerali aliyekuja kuongoza jeshi lote la India aliwahi kuwa na ofisi Goma?

Bipin Rawat, ambaye si yule Harish wa Uttarakhand tuliyemtaja, aliongoza brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Kivu Kaskazini mwaka 2008, wakati wa mapigano na waasi wa Laurent Nkunda. Baadaye akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu la India, kisha mkuu wa kwanza wa majeshi yote tangu Januari 2020, hadi alipokufa katika ajali ya helikopta mwezi Desemba 2021. Wahindi walikuwa pia na hospitali ya kijeshi Goma.

Je, wajua katiba inasemaje kuhusu fedha za jimbo?

Ibara ya 175 ya katiba ya Kongo inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa pale pale yanapokusanywa, kabla ya kwenda Kinshasa. Kwa kawaida haikatwi hivyo. Fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hushuka kidogo, tena zikichelewa. Liwali anayetaka kupeleka bomba la maji Lac Vert lazima aombe, na anayeomba hawezi kugombana na anayempa.

Je, wajua kwamba wabunge wa jimbo wapo?

Walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita, lakini Goma ilipiga, na watu wa Lac Vert walipiga. Majimbo mengine yalichagua maliwali wao mwaka 2024. Kivu Kaskazini na Ituri hazikuchagua, kwa sababu utawala wa dharura ulikuwa bado. Muhula wa wabunge hao ni miaka 5 kama wa wenzao wote.